Mchawi Ndani ya Chuma: Je, Sorcerer Anakosea Akivaa Deraya Nzito?

*"Shikamoo mtaalamu. Nacheza The Elder Scrolls Online kwenye PlayStation, mhusika wangu ni Sorcerer na nimefika kiwango cha 41. Mwanzoni nilivaa deraya nyepesi kama wachawi wote ninaowaona, lakini nilikuwa nakufa kila mara. Nikabadilisha vipande vyote saba, kuanzia kofia hadi viatu, nikavaa nzito. Nikiwa peke yangu mambo yakawa nafuu kidogo. Wiki iliyopita nikaingia pangoni na watu nisiowajua, na kwa kuwa nimevaa chuma nikachagua nafasi ya tanki ili foleni iwe fupi. Kwa bosi wa kwanza tu tukafa mara tatu. Mmoja akaandika kwamba mchawi kuvaa chuma ni ujinga, wakapiga kura, wakanitoa. Kaka yangu, ambaye amecheza World of Warcraft miaka mingi, naye anasema mchawi ni wa kitambaa, chuma ni cha askari, na kwamba nifute mhusika huyu nianze upya na Dragonknight. Nina akiba ya kutosha kupandisha deraya zangu nzito hadi ubora wa mwisho, lakini sasa naogopa. Je, nimekosea? Nivae nini? Na kweli nianze upya?"*

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa kutolewa pangoni. Najua linavyochoma, hasa mtu akiwa bado mgeni na hakuna aliyemweleza amekosea wapi. Nimeisoma barua yako mara mbili, na ninaona umefunga maswali matatu kwenye furushi moja: je, mchawi anaruhusiwa kuvaa chuma, kwa nini unakufa, na kwa nini wale watu walikutoa. Majibu yake hayafanani. Nitayafungua moja moja, kwa sababu ukiyaacha yamefungwa pamoja utamaliza akiba yako kutibu ugonjwa ambao huna.

Nianze na kaka yako, maana hajakudanganya. Amebeba sheria za nchi moja akaja nazo nchi nyingine. World of Warcraft, tangu ilipotoka mwaka 2004, imegawa deraya kwa klasi, yaani aina ya mhusika unayochagua. Mage, Priest na Warlock ni kitambaa, Rogue na Druid ni ngozi, Warrior na Paladin ndio wanaofika kwenye mabamba ya chuma. Mage wa huko hata akiokota kifua cha chuma, mchezo haumruhusu kukivaa. Na tangu nyongeza ya mchezo iitwayo Cataclysm ya mwaka 2010, anayevaa aina yake mwili mzima huongezewa asilimia 5 ya sifa yake kuu, kwa hiyo hata yule anayeruhusiwa kuvaa aina mbili hupata hasara akichanganya. Mtu aliyekulia humo miaka kumi atakwambia mchawi ni kitambaa kama vile anavyokwambia maji huteremka. Kwa kule anakocheza, yuko sahihi kabisa.

The Elder Scrolls Online, iliyotoka Aprili 2014, ilijengwa juu ya kanuni nyingine. Klasi yoyote huvaa deraya yoyote, tangu kiwango cha kwanza. Klasi inakupa baadhi ya ujuzi wako, silaha inakupa mwingine, na deraya nayo ina ngazi zake tatu za ujuzi, yaani nyepesi, ya kati na nzito. Ngazi hizo hukua kadiri unavyovaa vipande vyake, na kila kipande kinaongeza kidogo. Ndiyo maana swali la huku haliwi "naruhusiwa?" bali "vipande vingapi vya aina gani, na kwa kazi ipi?" Kwa hiyo la kwanza limekwisha: hukuvunja sheria yoyote kwa kuvaa chuma.

Sasa la kutolewa. Hapa nitasema wazi, usinichukie. Wale watu walikosea maneno, lakini walikuwa na sababu ya kukasirika, na sababu yenyewe hata wao hawakuitaja. Ulichagua nafasi ya tanki. Tanki wa mchezo huu hatambulikani kwa uzito wa alichovaa. Anatambulikana kwa uchokozi, yaani ujuzi unaomlazimisha bosi akugeukie wewe na kuwaacha wengine. Upo Puncture kwenye ngazi ya upanga na ngao, na upo Inner Fire kwenye ngazi ya chama cha Undaunted, huo hata mwenye fimbo anautumia akiwa mbali. Uchokozi mmoja hudumu sekunde 15, na kazi ya tanki ni kuhakikisha hauishi. Kama hukuwa nao, na kwa maelezo yako nadhani hukuwa nao, basi bosi alikuwa huru. Alimwendea tabibu, tabibu akaanguka, na baada ya hapo nyote mlikuwa mnahesabu sekunde. Ungeweza kuvaa chuma mara mbili ya kile na matokeo yangekuwa yale yale. Na ungekuwa na Inner Fire, umevaa joho la kitambaa, pango la kawaida mngelimaliza.

Foleni ya tanki ni fupi kwa sababu matanki ni wachache. Ukiichukua nafasi hiyo, watu watatu wanakuwa wamekuamini bila kukujua. Mpaka utakapojifunza kazi yenyewe, panga foleni kama mpigaji, usubiri zaidi, uende zako na amani.

Tuje kwenye kufa, maana nadhani ndilo linalokusumbua kuliko yote. Nataka tupige hesabu pamoja. Nitatumia namba za deraya za kiwango cha mwisho, ile wachezaji wanayoiita CP160, zikiwa za ubora wa dhahabu, kwa sababu hapo ndipo tofauti inakuwa kubwa kuliko popote. Kifua chepesi kina pointi 1,396 za ulinzi, cha kati 2,084, kizito 2,772. Kwa jicho la haraka, chuma ni mara mbili ya kitambaa, na hapo ndipo wengi huishia. Endelea. Jumlisha vipande vyote saba: nyepesi tupu inakupa karibu 7,500, nzito tupu karibu 14,900. Mchezo unakata asilimia 1 ya pigo kwa kila pointi 660 za ulinzi, na haukati zaidi ya asilimia 50. Kwa hiyo nyepesi inakata kama asilimia 11 na nzito kama asilimia 22 na nusu.

Bosi akikupiga pigo la 10,000, ukiwa na kitambaa linakufikia la 8,860 hivi. Ukiwa na chuma, 7,740. Hiyo ndiyo faida ya vipande saba vya chuma kabla ya nyongeza za ngazi ya ujuzi: pointi 1,100 na kidogo. Si haba, sisemi ni bure. Lakini sasa bonyeza L2 uinue kinga kabla pigo halijatua. Kinga peke yake hukata nusu. Yule mwenye kitambaa pigo lake linashuka kutoka 8,860 hadi 4,430. Kidole kimoja kimefanya kazi kubwa kuliko mavazi yote saba, tena kwa mbali. Na pigo la kwenye duara jekundu chini, ukitoka nje ya duara ni sifuri, uwe umevaa nini.

Kuna jingine ambalo Sorcerer wengi wapya hulipita. Kwenye ngazi yako ya Storm Calling kuna ujuzi unaoitwa Lightning Form. Ukiuwasha unakuongezea pointi 5,948 za ulinzi, sawa na asilimia 9. Jumlisha na zile 7,500 za kitambaa, umefika karibu 13,450. Yule wa chuma, asipowasha chochote, ana 14,900. Umeona? Pengo ulilolikimbia kwa kubadilisha mavazi yote lilikuwa karibu lote ndani ya ujuzi mmoja uliokwisha kupewa bure. Ongeza ngao ya Conjured Ward, ambayo nayo ni ya klasi yako, na mchawi wa kitambaa anasimama vizuri tu.

Nakumbuka kijana mmoja niliyemfundisha, naye alikuwa amevaa nzito saba, zote za dhahabu, amemaliza akiba yake yote. Alilalamika kwamba chuma "hakifanyi kazi". Nikamwomba anionyeshe skrini yake akipigana, na kamera ya simu aielekeze kwenye mikono. Kwa dakika kama nne nilimtazama. Bosi ananyanyua rungu, mwanga wa manjano unamzunguka, yule kijana macho yako kwenye upau wa ujuzi kule chini, kidole gumba kinabonyeza, kinabonyeza. Kidole cha shahada cha kushoto kilikuwa kimekaa pembeni ya L2, hakikugusa hata mara moja. Sikumwambia abadilishe kipande chochote. Nilimwambia kwa siku tatu apigane na kila adui bila haraka, na asipige mpaka awe ameona mwanga na kukinga. Siku ya nne alikuwa mtu mwingine.

Mwanga wa manjano ukimzunguka adui maana yake ni pigo zito linakuja, kinga. Mistari myekundu ikimtoka maana yake anaandaa jambo, mkatize. Hizi ndizo alama mbili za kuzijua kabla ya kujua jina la deraya yoyote.

Basi deraya inafanya nini, kama ulinzi wake ni mdogo hivyo? Hapa ndipo penye utamu wa mchezo huu, na ningependa utulie nami kidogo.

Deraya nyepesi ni ya uchumi na ya kupenya. Inapunguza gharama ya majika, yaani akiba ya nguvu za kuroga, kwa kila kipande, inaharakisha kujaza majika upya, inaongeza nafasi ya kupata pigo la kritiko, lile linalotua kwa nguvu kuliko kawaida, na kila kipande kinakupa pointi 939 za kupenya ulinzi wa adui. Ya kati ni ya nguvu tupu: kila kipande asilimia 2 ya nguvu za silaha na za uchawi, na asilimia 2 ya ukubwa wa pigo la kritiko, juu ya kutunza stamina, yaani akiba ya nguvu za mwili. Nzito inaongeza uhai wako wa juu, inaongeza tiba unayopokea, na inakurudishia nguvu zilizotumika. Na tangu Machi 2021 kila aina imepewa faida na adhabu zake za ziada. Nyepesi inapunguza makali ya uchawi lakini mapanga na mishale vinakuumiza zaidi, nzito ni kinyume chake, na mwenye nzito akibingirika kukwepa analipa stamina nyingi zaidi. Huenda ndiyo sababu unajikuta huna stamina ukiwa ndani ya chuma.

Angalia tena lile la deraya ya kati: nguvu za silaha na za uchawi, kwa pamoja. Zamani ilikuwa kama kaka yako anavyosema, anayetumia majika avae kitambaa, anayetumia stamina avae ngozi. Mabadiliko yaliyofanywa miaka ya 2021 na 2022 yaliuvunja ule ukuta. Leo Sorcerer wa majika ndani ya deraya ya kati ni jambo la kawaida kabisa, na kuna vikundi vikubwa ambavyo humkuti mwenye vipande vitano vyepesi hata mmoja.

Kwa nini? Kwa sababu ya kupenya. Bosi wa pangoni ana ulinzi wa 18,200, ambao kwa hesabu yetu ya 660 unakata kama asilimia 27 na nusu ya pigo lako. Vipande vitano vyepesi vinakupa kupenya kwa 4,695, yaani unarudishiwa asilimia 7 hivi. Hiyo ni zawadi kubwa ukiwa peke yako au na watu msiojuana. Lakini kwenye kikundi kilichojipanga, tanki anamchoma bosi na kumvua 5,948, mwingine anamvua 2,974, na vitu vingine vidogo vinaongezeka juu yake. Ulinzi ukishafika sifuri, kila pointi ya kupenya uliyobaki nayo haina kazi. Hapo mwenye nyepesi amebeba mzigo usiohitajika, na mwenye ya kati anaendelea kufaidi asilimia zake. Mchawi yule yule, klasi ile ile, jibu linabadilika kwa kutazama nani amesimama naye. Ndiyo maana mtu akiniuliza "Sorcerer avae nini" bila kuniambia anacheza na nani, siwezi kumjibu kwa uaminifu.

Na ule uchawi ndani ya chuma ulioitwa ujinga, nao upo, tena unaheshimika. Kuna seti, yaani vipande vya jina moja vinavyotoa nguvu ya ziada vikivaliwa pamoja, inaitwa Sergeant's Mail, inapatikana kwenye mapango ya Wayrest Sewers, na deraya zake huanguka zikiwa nzito tu. Inaongeza nguvu ya mashambulizi ya kuvuta, yale unayoshikilia kitufe mpaka fimbo ya umeme imwage radi. Sorcerer anayevaa vipande vitano vya seti hiyo, na kidoleni ana pete ya Oakensoul iliyokuja na nyongeza ya High Isle mwaka 2022, anapiga vizuri kabisa huku amevaa chuma tangu shingoni. Pete hiyo inampa mvaaji rundo la nguvu za ziada lakini inamnyima upau wa pili wa ujuzi, kwa hiyo anapigana na vitufe vichache, polepole, kwa kushikilia. Kwetu sisi tunaocheza kutoka Afrika Mashariki, tukipigana na seva zilizo Ulaya au Amerika na bando linalopanda na kushuka, mtindo huo una thamani ambayo wachezaji wa karibu na seva hawaioni. Kitufe kikichelewa nusu sekunde, radi inatua vile vile. Nimeona pia watu wenye maumivu ya mikono wakirudi kwenye mchezo kwa sababu yake.

Lakini elewa kinachomvalisha huyo chuma. Ni seti. Amekubali kupoteza faida za nyepesi na za kati kwa sababu seti inamlipa zaidi ya alichopoteza. Wewe umevaa chuma cha kuokota, hakina seti, hakikulipi. Umepoteza kupenya, umepoteza kritiko, umepoteza unafuu wa majika, na ulichopata ni ule upungufu wa asilimia 11. Adui anaishi muda mrefu zaidi mbele yako, na adui anayeishi muda mrefu anakupiga mara nyingi zaidi. Kwa hiyo hukufanya kosa la kisheria, ila ulifanya biashara mbaya.

Sasa nikushauri wewe hasa, mwenye kiwango cha 41.

Akiba yako usiiguse. Tafadhali. Deraya za mchezo huu huacha kupanda zikifika CP160, na kabla ya hapo kila unachovaa kitapitwa na kinachofuata baada ya siku chache. Kupandisha chuma hadi ubora wa dhahabu kunakula Tempering Alloy, ambazo ni ghali sokoni, nawe ungekuwa unazizika kwenye nguo utakazozitupa wiki ijayo. Kama unazo, ziweke au ziuze.

Kwa sasa changanya. Vaa vitatu vyepesi, viwili vya kati, viwili vizito, ili ngazi zote tatu za ujuzi wa deraya zikue pamoja. Utazihitaji zote baadaye hata kama leo huoni sababu. Kipande kizito weka kifuani, kwa kuwa kifua ndicho chenye ulinzi mwingi kuliko sehemu nyingine zote, na mkanda, wenye ulinzi mdogo kuliko vyote, uwe mwepesi. Vito vyako vizuri vya kuongeza nguvu navyo viweke kwenye kofia, kifua na suruali kwanza, maana sehemu hizo tatu zinapokea nguvu kamili na nyingine zinapokea pungufu.

Ukifika CP160 utasikia watu wakisema "tano-moja-moja". Maana yake ni vipande vitano vya aina moja, kimoja cha pili, kimoja cha tatu. Ujuzi wa Undaunted Mettle unaongeza uhai, majika na stamina kwa asilimia 2 kwa kila aina ya deraya uliyovaa, kwa hiyo mwenye aina tatu anapata asilimia 6 ya vyote. Inawezekana kwa urahisi kwa sababu seti za mabosi, zile za kofia na mabega, hupatikana kwa uzito wote watatu: mwili unavaa seti yako ya vitano, kofia inakuwa nzito, mabega yanakuwa ya kati, kwisha. Seti za kutengenezwa na mafundi nazo unachagua uzito unaoutaka. Za kuokota mapangoni ndizo zinazokubana, kwa kuwa nyingi huja na uzito mmoja tu. Kwa mchezo unaousimulia, yaani peke yako na mapango ya watu msiojuana, ningeanza na vitano vyepesi, kizito kimoja na cha kati kimoja, Lightning Form ikiwaka muda wote. Ukija kupata kikundi cha kudumu, ndipo tuzungumzie kuhamia ya kati. Na ukigundua mikono yako au intaneti yako haipendi haraka, nenda moja kwa moja kwa Sergeant's Mail, uvae chuma chako kichwa juu.

Vita vya Cyrodiil, mchezaji kwa mchezaji, sijavigusa hapa. Kule adui anafikiri, na hesabu zangu hizi hazitoshi.

Kama kilichokuvutia kwenye chuma ni sura, hilo pia si dogo, mtu anataka kumpenda mhusika wake. Tangu 2018 kuna meza ya mavazi ambapo unavaa sura ya deraya yoyote uliyokwisha kujifunza mtindo wake, juu ya deraya yoyote uliyonayo. Unaweza kuwa na kitambaa kwenye namba na mabamba kwenye macho.

Kumfuta Sorcerer wako? Hapana. Hata kabla sijafika kwenye hoja za mchezo, viwango 41 ni jioni nyingi za maisha yako. Dragonknight ana zana nzuri za kukaa mbele, lakini naye asiyekinga anakufa. Tena tangu Juni 2025 mchezo umefungua mlango mwingine: ukishafika kiwango cha 50 unaweza kubadilisha ngazi mbili kati ya tatu za klasi yako, uweke za klasi nyingine, mradi moja ya asili ibaki. Ukitamani uimara wa Dragonknight, ipo njia ya kuupata ndani ya mhusika huyu huyu. Umebakiza viwango tisa.

Kuna mahali ushauri wa maandishi unafika mwisho. Ukifuata haya kwa wiki mbili na bado unakufa mbele ya adui wa kawaida wa barabarani, usiendelee kusoma orodha za deraya, tafuta mtu akuone ukicheza. Vyama vingi vina watu wanaofundisha wapya bila malipo, waombe mtu aingie nawe pangoni, mkiwa wawili, kimya, akutazame. Usimpe mtu yeyote nenosiri lako eti akupandishie kiwango, hata awe mwema kiasi gani. Ukienda kupima nguvu zako kwenye sanamu za mazoezi majumbani mwa watu, uliza ni ipi. Ile kubwa ya uhai wa milioni 21 hujifanya kama una kikundi kizima nyuma yako, inakupa nguvu za watu ambao hawapo, na namba utakayoiona haitakuwa yako ukiwa peke yako. Na kama vidole au kifundo cha mkono vinauma baada ya kucheza, hilo ni la daktari, mapema.

Lakini mtu wa kwanza wa kumwita yuko hapo nyumbani. Mwambie kaka yako aketi kando yako jioni moja. Usimwombe maoni kuhusu deraya, maana atarudi kwenye kitambaa. Mpe karatasi na kalamu. Mwambie apige mstari kila aonapo mwanga wa manjano, na mstari mwingine pembeni kila kidole chako kinapobonyeza L2 kabla pigo halijatua. Dakika kumi zinatosha. Niletee hizo namba mbili, nazo ndizo zitakazoniambia kama kweli unahitaji chuma.